Darasa la Madunguni

Mwaka ule mto ulipopanda na kumeza mashamba ya mpunga toka Umwe mpaka Chumbi, mapadre wa misheni waligundua jambo ambalo kila mtu wa Rufiji alilijua toka kuzaliwa: watoto hawaji shule. Maji yakijaa, mtoto yuko dunguni, kwenye kile kibanda cha juu kilichosimama kwa miguu mirefu ya miti katikati ya shamba, anafukuza ndege mpaka mpunga uvunwe. Nani amtoe mtoto dunguni akakae kwenye benchi? Akimtoa, nyumba itakula nini?

Basi padre mkubwa akaamua kwamba asiyeweza kuifuata shule, shule imfuate. Akamteua mwalimu wake mmoja, Kasimiri, mtu wa kuja toka Bagamoyo, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Akampa mtumbwi na mbao zilizoandikwa herufi kubwa kwa chokaa. Kasimiri akifika katikati ya mashamba anasimama mtumbwini, ananyanyua ubao, anapaza sauti, "Ba!" Na madungu yote yaliyomzunguka yanaitikia, "Ba!" Dungu lisiloitikia husogelewa na mtumbwi, likaulizwa kama limelala.

Mshamu alikuwa na dungu huko, na dunguni alikuwa na binti yake Sikujua, mtoto wa pekee. Mama wa mtoto, Mwanaamina, alikufa mwaka mmoja nyuma kwenye shamba la pamba la jumbe, jua la mchana, jembe mkononi. Msimamizi alimgawia mwanamke mwingine mstari wake kabla hata watu hawajaunyanyua mwili. Tangu siku ile Mshamu hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote anayekaa kwenye kiti. Jumbe, akida, Mdachi, padre, kwake wote walikuwa kundi moja, tofauti yao nguo.

Lakini somo alilikubali. Kwanza, zile kelele zilifukuza ndege kuliko kombeo. Pili, na hili ndilo kubwa, watoto wa misheni akida hakuwagusa. Wengine wote, mtoto akishaweza kushika jembe tu, alipelekwa kwenye pamba. Mshamu alikuwa ameshamzika mmoja kwa ajili ya pamba ile.

Jirani yake Shaabani, ambaye dungu lake lilikuwa la pili toka la kwake, alimcheka msimu mzima.

"Mshamu, ndege wako watabatizwa kabla ya mwanao."

"Wakibatizwa watakwenda kula kwako, wewe usiye na dini."

Siku moja padre mkubwa alikuja mwenyewe na mgeni toka Ulaya, wamekaa mtumbwini chini ya mwavuli. Akamwonyesha mgeni yale madungu, akasema kwa Kiswahili ili na wazazi wasikie, kwamba anayejifunzia nyumbani ni mtoto wa shule sawasawa na anayekaa darasani. Mgeni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mshamu alikuwa kwenye maji ya magoti akishikilia mguu wa dungu. Akayasikia yale maneno na kuyaweka moyoni.

Mpunga ukavunwa, maji yakateremka, na vita vikashuka toka vilima vya Umatumbi. Wakaja watu wenye dawa ya maji, wakasema risasi za Mdachi zitayeyuka. Mshamu alimwagiwa kama wenzake. Hakuamini wala hakukataa. Majirani walikuwa wanamtazama. Shaabani aliondoka na wapiganaji, hakurudi. Kisha habari zikafika kwamba askari wanapanda na mto, wanachoma maghala ya chakula na kukamata watu. Hapo Mshamu akaiona hali ya mwanawe ilivyo. Kwa wapiganaji, Sikujua alikuwa mtoto wa misheni kwa sababu anajua kusoma. Kwa askari, atakuwa mtoto wa mpiganaji kwa sababu baba yake kamwagiwa maji. Hapakuwa na upande wa kumficha.

Kasimiri alikuja kwa miguu kumwambia kwamba misheni inafungwa. Boti iko Ndundu, itaondoka asubuhi kwenda Dar es Salaam. Amlete mtoto mapema.

Walipofika Ndundu kulikuwa na watu wengi ufukweni. Watoto wa bweni walikwishakaa ndani ya boti, wamefunga vitu vyao kwenye vitambaa. Padre mkubwa alikuwa amesimama penye ubao wa kupandia. Sikujua alipoweka mguu kwenye ubao, padre akamzuia kwa mkono, taratibu, bila ukali wowote. Akasema boti ni ya watoto wanaolala misheni.

Kasimiri akasema huyu ni mwanafunzi wake. Padre akajibu kwamba ule wa madunguni ulikuwa mpango wa wakati wa mafuriko, na mafuriko yamekwisha.

"Mgeni wenu alipokuja," Mshamu akasema, "huyu alikuwa wa shule sawasawa na hao. Mimi nilikuwepo. Leo chombo kimekuwa kidogo, ndiyo mmemrudisha kwangu?"

Waliokuwa karibu wakageuka kumtazama padre. Wengine waliendelea na kelele zao. Padre aliangalia boti, akamwangalia mtoto. Hakuwa mtu mbaya wa kupenda ubaya. Alikuwa mtu mwenye nafasi chache mkononi. Akasema kuna njia. Mtoto akibatizwa sasa hivi atakuwa wa nyumba yao, naye hataweza kumwacha. Ni jambo dogo, maji yapo hapo. Baba yake aseme tu kwamba ameridhia.

Kasimiri akamvuta Mshamu pembeni.

"Kubali, mzee Mshamu. Afike kwanza. Yeye ni nani, atakuja kujijua akiwa hai."

Si kwamba Mshamu alikuwa mcha Mungu sana. Swala ya alfajiri ilimpita mara nyingi kuliko alivyoiwahi. Lakini mwaka ule alikwisha kumwagiwa maji mara moja kwa sababu ya hofu, na aliyajua yanavyokuwa mwilini yakishakauka. Akamtazama yule padre anayesubiri jibu. Akamkumbuka msimamizi naye alivyosubiri, pale shambani, mwili utolewe njiani. Kisha akamshika Sikujua mkono na kumteremsha toka kwenye ubao. Sikujua alikuwa anatazama ndani ya boti, ambako mtoto mmoja wa kike alikwishamsogezea nafasi.

Kasimiri alipanda. Alikuwa na mke ndani ya boti ile, na hakuna aliyemlaumu.

Mshamu aliazima mtumbwi kwa mtu ambaye hakumuuliza anakokwenda, akashuka na mto na mwanawe, akisukuma kwa upondo, mchana kutwa wamejibanza kando ya matete, mpaka maji yakaanza kuwa ya chumvi na mikoko ikafunga pande zote mbili. Humo ndani ya delta aliishi Mwanaharusi, mdogo wake marehemu Mwanaamina, ambaye mumewe alikuwa mkata boriti. Huko askari walikuwa hawajafika bado. Chakula nacho kilikuwa hakijafika. Watu walikula kaa na majani.

Mwanaharusi aliwapokea, akamlisha mtoto kwanza. Halafu akamuuliza shemeji yake habari za boti ya misheni, maana huku chini wameiona ikipita, imejaa watoto, na yeye moyo wake ulitulia akijua Sikujua yumo.

"Nafasi haikutosha," Mshamu alisema.

Sikujua alikuwa anafyonza mguu wa kaa. Akautoa mdomoni.

"Nafasi ilikuwepo, mama mdogo. Baba ndiye hakutaka."

Alisema vile vile tu, kama mtu anayeitikia jina lake. Mwanaharusi akamgeukia Mshamu, akangoja. Mshamu akaokota kikapu, akauliza kaa wanapatikana upande gani maji yakipwa, akatoka kwenda kutafuta wengine.