Kitambaa Juu ya Kompyuta

Wiki tatu nzima Amandine alitafuta mtu wa kutengeneza skrini, mwaka ule wa vita, 2003, ambao hata kutafuta sukari kulikuwa kazi. Wahandisi alikuwa nao watatu, kwenye chumba chao cha ghorofani pale mtaa wa Asiatique, juu ya duka la masufuria. Aliyemkosa ni fundi wa sura ya programu, vile visanduku na vitufe ambavyo mtu anaviona akiwasha kompyuta. Programu yao ya kuandikisha wagonjwa ilifanya kazi barabara, lakini kwenye zahanati moja ya Ngagara, ilikowekwa tangu miezi mitano iliyopita, hakuna aliyeigusa. Na wafadhili walikuwa waje mwisho wa mwezi kuiona ikitumika. Wasipoiona, mkataba kwaheri, na vijana wake kila mtu na njia yake. Amandine aliwapenda wale vijana, msidanganywe na makelele aliyowapigia.

Walikuja wanne kuomba kazi, wote na diploma, wote na skrini za rangi kama kitenge kipya. Wa tano alikuwa Mzee Massoudi wa Buyenzi, miaka hamsini na minne, kofia kichwani, shati limepigwa pasi likasimama lenyewe. Alipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka vita vikakifunga. Kompyuta alijifunza ukubwani, kwa mpwa wake. Jimmy, mdogo wa wahandisi, alikohoa kuficha kicheko.

"Mzee, umewahi kutengeneza skrini?" Amandine aliuliza.

"Nimetengeneza formileri, binti yangu. Ya kuzaliwa, ya ndoa, ya kufa. Watu wa muji huu wamejaza karatasi zangu maisha yao yote. Skrini ni karatasi yenye umeme."

"Na umeme wenyewe hauko," Jimmy akachomekea.

Mzee akacheka kuliko wote. Hapo hapo Amandine akampenda, na ukipenda, chongo huita kengeza. Kwa hiyo akajikaza, akampa jaribio kama wenzake. Achukue skrini ya mapokezi, airekebishe, siku tatu.

"Kwanza unipeleke kwa wenye kuitumia," Massoudi akasema.

"Nimeshawauliza, Mzee. Kila nikienda wananiambia ni nzuri sana."

"Ee. Mi pia ningekuambia hivyo."

Wakaenda Ngagara asubuhi, wanajeshi walipofungua barabara. Mama Léocadie, mkuu wa mapokezi, aliwapokea kwa mikono miwili, akawapa Fanta, akauliza habari za wazazi na za milio ya risasi ya usiku. Na programu je? Nzuri sana, mwanangu, Mungu awabariki. Amandine akafungua daftari, akaandika: nzuri sana. Jamani, msomi yule. Amezaliwa mji huo huo, anajua fika kwamba mtu akikupikia humwambii chakula kimeungua, na bado aliandika.

Massoudi hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mama mwenye mtoto wa surua na mzee wa kikohozi, akatoka kuswali adhuhuri, akarudi kukaa. Aliona kompyuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, safi, na juu yake maua ya plastiki. Aliona Mama Léocadie akijaza rejista yake kubwa: kwanza mlima wa kwao mgonjwa, yaani kijiji chake, halafu jina la mama yake, na jina la mgonjwa mwenyewe mwisho. Programu ilianza na tarehe ya kuzaliwa, na bila hiyo haikukuruhusu kupita. Nusu ya wale waliokimbia vita hawakuijua, na Mama Léocadie aliona haya kuwauliza mara mbili mbele za watu.

"Binti yangu," Massoudi alisema njiani, "mupishi haulizi kama chakula ni kitamu. Anatazama sahani."

Amandine alisikia uso ukiwaka. Nusura amkasirikie mzee wa watu, kisha akaona aibu zaidi.

Siku ya tatu Massoudi alileta skrini moja nyeupe, haina urembo wowote: ukurasa wa rejista, mpangilio ule ule, na penye tarehe ya kuzaliwa pameandikwa "kama anaijua". Jimmy aliitazama kwa muda, akasogeza kiti chake, akamwomba mzee aketi.

Jumatano wakaiweka. Mama Léocadie alikunja kitambaa, akaandikisha mgonjwa wa kwanza kwa kidole kimoja, wa pili, wa tatu. Kufika wa kumi na moja alikuwa amesahau kwamba kuna mtu nyuma yake. Amandine akamgeukia Massoudi, akamwambia aanze kazi Jumatatu na asichelewe. Mzee akasema alhamdulillahi, akavua kofia, akaivaa tena, hajui mikono aiweke wapi.

Wagonjwa wa benchini walipokwisha, Amandine akainama karibu na Mama Léocadie. "Mama, ile yetu ya kwanza. Niambie ukweli."

Mama Léocadie akamtazama. "Ilikuwa mubaya, mwanangu. Mubaya sana."

"Na mbona hukusema?"

"We ulikuwa unakuja kwa miguu toka mujini, risasi zinalia. Mi ningekuambia nini?"