Australia ya Kwenye Ubao

Mshonaji alifika shuleni pini bado zimechomekwa kwenye blauzi, hasira zimempanda hadi kichwani. Asubuhi ile, kwenye shindano la maswali kati ya shule, binti yake alikuwa amekosa nafasi ya kusoma sekondari bila ada, na nafasi akapewa mtoto wa shule nyingine. Swali la mwisho ndilo lililomponza: aoneshe Australia kwenye tufe la dunia. Mtoto hajawahi kulishika tufe tangu azaliwe! Akaweka kidole baharini, kando ya Amerika Kusini, akakikazia hapo hapo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

“Watoto wa siku hizi hawataki kusoma,” mwalimu mkuu alimwambia, hata kiti hajampa. “Akili zote ziko kwenye simu.”

“Simu ipi, mwalimu? Kwangu simu ni moja, na ninayo mimi hapa. Hebu nipeleke darasani kwao.”

Wakaenda. Loo! Ubao ulikuwa umemeguka kona nzima ya chini, upande wa kulia. Kila mwaka mwalimu wa jiografia aliichora dunia kwa chaki, na kila mwaka akifika Australia, ubao umemwishia. Angefanyaje? Akaipachika kushoto, kwenye uwazi wa bahari. Mwanzoni aliwaeleza wanafunzi kwamba pale siyo mahali pake. Baadaye akachoka kueleza. Watoto wakanakili, wakakariri, wakapewa alama zote.

“Niliomba ramani,” alisema mwalimu wa jiografia, waliyemkuta humo darasani, macho chini. “Niliomba mpaka nikaona haya.”

“Ramani zipo,” mwalimu mkuu akadakia. “Na tufe lipo. Sasa watoto wenyewe na ile mikono yao…”

Lipo! Mshonaji alirudi ofisini nusura akimbie. Kweli, kwenye kabati la vioo lilikaa tufe jipya kabisa, ndani ya nailoni yake ya dukani, la kuoneshwa wakaguzi wakija. Jamani, watoto wote wale wamenyimwa dunia ili isiingie alama za vidole! Akafungua kabati.

“Mama, litachafuka!”

“Na lichafuke! Mwanangu kachekwa mbele za watu, hilo halikukuuma. Leo unaililia nailoni?”

Akatoa mkasi wake mfukoni, akaichana nailoni, akalikumbatia tufe hadi darasani. Watoto wakalivamia kwa kelele. Binti yake peke yake alibaki nyuma, macho yamevimba, mpaka mama akamvuta mkono.

Binti akaweka kidole palepale alipokiweka asubuhi. Akalizungusha tufe taratibu. Bahari, bahari, bahari tu, kisha nchi kavu.

“Kumbe iko huku,” akasema. Akasoma jina, akalisoma tena. Halafu uso ukamchangamka. “Mama, twende tukawaambie wale waamuzi! Si sasa naijua?”

Nafasi ilishakwenda kwa mwingine; mshonaji akamfuta machozi yaliyokuwa yamemkaukia mashavuni.