Muuguzi wa Ukurasa wa Tisini na Nne

Usiku wa jana niliota treni imeshaondoka na mimi nimo ndani, miguu mitupu, na sijui nani kanipandisha.

Kuondoka si ajabu kwangu. Tangu nilipoacha shule darasa la tano, nikairudia, nikaiacha tena, sijakaa mji mmoja nikaona mvua mbili. Ajabu alikuwa mkagua tiketi. Hakutaka tiketi.

"Ukurasa wa ngapi, mzee?"

Nikamwambia tisini na nne, maana ndipo nilipoishia.

"Shuka hapa. Wanakungoja tangu Jumatatu."

Treni haikusimama. Iliacha tu kuwapo. Nimesimama kwenye ua wa hospitali, mchana kweupe, mbele yangu kisima. Ndani ya mdomo wa kisima ananing'inia muuguzi Tekla, yule wa riwaya ya mauaji ninayoisoma. Kilichomshika ni mkono mmoja wenye pete. Hauna bega, hauna mwenyewe.

"Shikamoo," Tekla akasema. Amekasirika, lakini amefunzwa.

"Marahaba, mwanangu."

"Siku tatu umeniacha hapa, mzee wangu. Ulifunga kitabu, ukaenda kuangalia picha za kiboko."

Ni kweli. Ndivyo ninavyosoma mimi. Riwaya ikinibana pumzi naiweka chini, nafungua kitabu cha picha cha watoto, nipoe. Safari hii nilipoa siku tatu. Yule kiboko ana tai nyekundu na anauza maandazi; utamwachaje?

"Na mimi je?" ukauliza mkono. Sauti ilitokea kwenye pete. "Nimeshika mtu siku tatu, bega sina la kupumzishia. Nikichoka namwachia. Sipendi, lakini namwachia."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ukurasa wa kumi na mbili. Uliuchana."

Mimi ukurasa nikishausoma nauchana, mkoba uwe mwepesi. Nyingine nawashia jiko, nyingine nawapa wauza karanga wafungie. Miaka arobaini nafanya hivyo, na hata siku moja sikufikiri kuna watu ndani.

"Basi aitwe Inspekta Mwakyoma," nikasema. "Si ndiye anakuja kukuokoa?"

"Inspekta yuko ukurasa wa arobaini," Tekla akajibu. "Jumapili ulimpa Ndahani, muuza karanga wa stesheni. Saa hizi ana chumvi mpaka puani."

Kidole kimoja cha ule mkono kikaachia.

Nikainama nimvute mwenyewe. Vidole vyangu vikapita katikati yake kama moshi.

"Msomaji haruhusiwi," ukasema mkono. "Umri wote huo hujui?"

Nikapekua mkoba, nikatoa kitabu cha picha, nikafungua ukurasa wa saba. Kiboko akanitazama.

"Mimi ni Kiboko," akasema. "Nina tai nyekundu."

"Najua. Kuna mtu anaanguka kisimani, ndugu yangu. Toka."

"Sioni kisima. Kwetu kisichochorwa hakipo."

Kidole cha pili kikaachia. Tekla hakulia. Alisema tu, "Wazee wa kusoma vitabu viwili viwili," kama anayemsimulia mtu mwingine.

Nikaokota kipande cha mkaa, nikachora duara chini. Shule sikumaliza, lakini duara nalijua.

Kiboko akalikagua. "Hiyo sufuria."

"Ni kisima."

"Haya."

Akatoka, mpana, mwembamba kama karatasi yenyewe. Akavua tai, akaiteremsha, Tekla akajifunga mkononi. Kiboko akasema anachofanya, maana kwao ndivyo wanavyofanya. "Kiboko anavuta. Kiboko anavuta tena. Muuguzi anapanda."

Muuguzi akapanda. Ule mkono ukaachia vidole vitatu vilivyobaki, ukashukuru, ukauliza wapi pa kulala.

"Tai yangu," Kiboko akasema.

"Fundo limekaza," Tekla akamwambia. "Nitakurudishia. Nina mtu wa kumfuata kwanza."

Nikaamka. Ni asubuhi, gesti ya Bi Nyamizi, hapa hapa Manyoni. Bi Nyamizi mwenyewe alikuwa ameleta chai, ameshika kitabu changu cha picha.

"Mzee Sekwao, nani kamvua huyu tai? Jana nilimcheka, nikasema kavaa kama mwalimu mkuu."

Nikatazama. Ukurasa wa saba, shingo wazi, na alama nyeupe pale tai ilipokuwa imekaa. Chai ilipoa, sikuigusa.

Mengine ni haya. Tekla yu hai. Ukurasa wa tisini na tano aliomba ruhusa kazini akatoka, na kitabu hakisemi alikokwenda. Mkono haukutajwa tena. Muuaji hakukamatwa. Kiboko anauza maandazi bila tai, na wateja hawajalalamika. Mimi nimeacha kuchana kurasa, mkoba umekuwa mzito, na sijaondoka.

Nilikwenda stesheni kwa Ndahani kuuliza karatasi zangu. Akasema zote zipo, isipokuwa moja. Alfajiri alikuja mwanamke mwenye sare ya uuguzi, kitambaa chekundu kimefungwa mkononi. Alinunua pakiti moja tu.

"Karatasi akaikunjua, akaifuta chumvi, akaitia kifuani," Ndahani akasema. "Karanga akaniachia."