Siku Mbili za Kutochomwa

Mtoto alikuwa na kilo moja na robo, na mishipa yake ilikuwa myembamba kama uzi wa kushonea. Katika wodi nzima ya watoto njiti, muuguzi mmoja tu ndiye aliyeipata bila kuchoma mara mbili. Wenzake walimwita Mkono Mwepesi na jina hilo, tusifichane, alilipenda.

Siku ya kubadilisha mrija wa dripu, mama wa mtoto alimzuia. "Sista, nakuomba. Kachomwa kila mahali. Mwache leo apumzike."

Mkono Mwepesi akaukagua mrija. Dawa ilipita, ngozi haikuvimba. Akaingiwa na huruma. Akauacha siku hiyo na iliyofuata, na ili asiulizwe, akaandika kwenye faili kwamba umebadilishwa.

Siku ya tatu mtoto akaanza kusahau kupumua. Daktari akachukua damu ipimwe, akasoma faili, akaona mrija ni mpya, akauacha palepale na kuongeza dawa kali za bakteria. Mkono Mwepesi alikuwa amesimama pembeni yake. Akalipokea faili, akalirudisha mahali pake.

Majibu yaliletwa na mtu wa maabara mwenyewe, asiyepanda wodini ila kwa jambo zito.

"Si bakteria. Ni fangasi, na imeshaingia kwenye damu."

Mrija ukang'olewa. Dawa ya fangasi ikaanza saa nne asubuhi. Saa saba mchana mtoto akafariki.

Mama alikuwa akikunja vinguo ambavyo havijawahi kuvaliwa. "Asante, sista," alisema. "Wewe ndiye uliyemwonea huruma. Zile siku mbili alilala bila kulia."

Mkono Mwepesi angeweza kuitikia tu, yakaisha. Lakini shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Akaketi, akaeleza yote: mrija uliopitiliza siku zake, ambao pengine ndio ulioingiza fangasi, uongo wa kwenye faili, daktari aliyeuamini. Akasema anakwenda kumweleza na daktari.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Ungeubadilisha, angepona?"

"Sijui, mama. Huenda."

Mama akaweka chini kinguo alichokuwa akikunja. "Kwa hiyo ni mimi," akasema polepole. "Mimi ndiye niliyekuomba."

"Hapana! Kazi ilikuwa yangu. Mama, nisikilize, ilikuwa yangu!"

Alirudia mara tatu, mara nne. Mama alikuwa ameinamia vile vinguo, akitikisa kichwa, wala hakuwa akimsikia tena.