Kumvizia Mama Watoto

Nimepiga picha za watu wa mtaani maisha yangu yote, na sijawahi kumwambia mtu acheke. Fundi viatu akipuliza gundi ikauke, kinyozi akisinzia kwenye kiti cha mteja, mama akimfunga mwanawe kamba za viatu huku akimgombeza. Kamera naiweka tumboni, macho nayapeleka kwingine. Picha hizo zimetundikwa kwenye kumbi za wasomi, na mimi elimu yangu ni ya darasa la jioni.

Mtu mmoja tu alinishinda: mke wangu. Kabla ya kubonyeza huwa nabana pumzi, na yeye aliusikia ule ukimya hata akiwa amenipa mgongo.

"Mzee, pumua! Ukinifia hapa nitakubeba na nani?" Kisha ananitolea ulimi.

Picha za ulimi wake ninazo tele. Ya uso wake akiwa peke yake na mawazo yake, sina.

Halafu kumbukumbu zikaanza kumtoka. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaishia kunisahau mimi. Jumamosi hii binti yetu anakuja kumchukua akamtunze kwake, maana mgongo wangu hauwezi tena kumwinua. Nikasema, kabla hajaondoka nitampata.

Jana asubuhi alikaa dirishani akishona kifungo cha shati langu. Mwanga ulimkaa vizuri shavuni. Nikasimama mlangoni, nikabana pumzi. Hakugeuka. Alilamba ncha ya uzi, akakunja uso, kisha akatabasamu kwa jambo alilolijua mwenyewe. Nikabonyeza. Ndiyo picha niliyoitafuta tangu ujana wetu.

Mlio ukamshtua.

"Shikamoo, baba," akasema kwa adabu. "Unamtafuta mume wangu?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Basi ficha hiyo kamera. Ana wivu huyo! Hataki mpiga picha mwingine humu ndani."

"Yukoje?"

"Mwembamba kama ufagio. Hatulii kitako. Lakini atarudi tu, shati lake si hili hapa?"

Nikaishusha kamera. Akanitazama kwa huruma, akaweka sindano chini, akanivutia kiti.

"Kaa, baba. Tumngoje sote."

Nikakaa.