Tiketi ya Msimu ya Urho

Katika mji wetu hakuna mtu anayeijua hoki ya barafu kunishinda mimi. Miaka thelathini na mmoja sikukosa mechi hata moja ya nyumbani. Basi niseme na lililobaki: muda wote huo nilikuwa nyuma ya ukuta nauza kahawa. Mechi ina vipindi vitatu, kibanda hufungwa baada ya cha pili, kwa hiyo nilichokiona kwa macho ni theluthi ya mwisho tu. Zilizotangulia nilizisoma kwenye vikombe. Vikitetemeka kwenye sinia, tumefunga goli. Vikitulia na foleni ikaanza kutukana, tumefungwa.

Kiti changu ni cha kumi na nne. Cha kumi na tano kilikuwa cha mume wangu, Urho. Vipindi viwili alikuwa analaza koti lake kwenye kiti changu, nikija analiondoa bila kunitazama, macho kwenye barafu. Tiketi za msimu tulilipa kila Aprili, euro mia nne kila mmoja. Mwaka ule wa korona tulilipa Aprili kama kawaida, na Urho akafa Mei.

Desemba serikali ikakataza watazamaji. Wachezaji wakaendelea kucheza, mimi nikaendelea kuchemsha kahawa, sasa ya waamuzi na watu wa televisheni, watu tisa kwa jumla. Ukumbi wa watu elfu nne ukiwa mtupu, kila kitu kinasikika. Unasikia kisahani cha mpira wanachokipigania wachezaji kinavyogonga ubao wa uwanja, unasikia kijana akimwita mama wa mwenzake jina lisiloandikika. Tukifunga goli, spika zilipiga muziki na makofi yaliyorekodiwa. Nilitazama vikombe. Havikutikisika. Wala mimi.

Jumatano moja ya Februari alikuja kibandani Maarit, meneja wa klabu, amevaa koti ndani ya jengo kwa sababu ofisini alishazima joto ili kubana matumizi.

"Taimi, sauti yako bado nzima?"

"Sauti nzima. Magoti ndiyo yamestaafu."

"Nataka unipigie simu watu mia tatu na kumi."

Akanieleza. Klabu kama yetu inakula mlangoni: tiketi, soseji, bia, na kahawa yangu. Tangu Desemba mlangoni haikuingia hata senti. Mishahara ya wachezaji imekatwa, ya Maarit imekatwa mara mbili. Msaada wa serikali ulikuja ukaisha kwenye umeme wa kugandisha barafu. Sasa ligi inataka, Ijumaa saa sita mchana, ione kwa maandishi kwamba pesa za kumaliza msimu zipo. Zisipoonekana, leseni inachukuliwa na klabu inafungwa. Kila mwenye tiketi ya msimu alikuwa ameandikiwa barua achague: arudishiwe pesa zake za msimu mzima, au aiachie klabu. Mia tatu na kumi walikuwa hawajajibu.

"Wakizidai zote, tumekwisha," alisema Maarit. "Wakiziacha, tunafika Machi, mwisho wa msimu."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe wanakujua. Na aliyekuwa anapiga simu nimempeleka likizo bila mshahara. Alilia."

Nikachukua orodha.

Wa kwanza alikuwa Helvi, mwalimu mstaafu. "Nimeilisha klabu hiyo miaka ishirini," akasema, "kwa kunywa maji yako ya kuoshea vyombo ukiyaita kahawa. Nirudishieni, mbwa wangu anang'olewa jino."

"Jino la mbwa ni euro mia nne?"

"Ni mbwa mkubwa."

Wa pili akaziacha, kwa sharti jina lake lisomwe kwenye spika za ukumbi, usomaji ambao angeusikia yeye na waamuzi tu. Wa tatu hakupokea. Wa nne, fundi bomba mmoja mwenye ulimi mkali, akaniuliza, "Na wewe mwenyewe, bibi, umeacha ngapi? Au unachangisha vya wenzako?"

"Nimeacha za viti vyote viwili," nikasema. "Changu na cha Urho."

Ulikuwa uongo. Changu niliacha kweli. Za Urho nilizidai zamani, mwezi wa Juni, kwa sababu maiti haendi mechi. Lakini yule fundi akakohoa. "Basi na zangu ziache," akasema. "Urho alikuwa mtu mzuri."

Nikaona uongo unauza kuliko ukweli, nikaendelea nao. Kwa siku mbili nilitaja jina la mume wangu mara mia mbili na zaidi. Nilingoja liniume. Lilikuwa kama shavu ulilochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unajua ni lako, unaligusa, halijibu. Mtu akisema pole, nilisema asante, nikaweka alama, nikaenda kwa anayefuata.

Ijumaa saa tano na dakika arobaini tulikuwa tumebakiwa na mmoja, na tulipungukiwa euro elfu nne na mia saba. Mmoja huyo alikuwa Oiva, mwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa na tiketi kumi na mbili, za wafanyakazi wake. Elfu nne na mia nane. Maarit akaweka simu kwenye spika, akafumba macho.

"Oiva, ni Taimi wa kahawa."

"Uko nje? Nilidhani walishakufunga kwa ile kahawa."

"Walinishtaki. Hakimu akaionja, akashindwa kutamka hukumu."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia shida yetu.

"Taimi, watu wangu hawajakalia viti hivyo hata mara moja tangu Desemba, nami mbao haziendi. Kwa nini niache?"

"Mimi nimeacha viwili. Changu na cha Urho."

"Hata cha Urho?"

"Hata cha Urho."

"Maarit yupo hapo? Hebu anisomee kwenye orodha. Mimi hata gogo silinunui kabla ya kulipima mwenyewe."

Maarit hajui kudanganya, ndiyo maana klabu ina matatizo. Akafungua kompyuta, akashuka na kidole. "Kiti cha kumi na nne, zimeachwa. Kiti cha kumi na tano..." Akanitazama. "Zimerudishwa. Tarehe tisa Juni."

Nikangoja aibu. Nayo haikuja.

"Taimi, Taimi," alisema Oiva, wala si kwa hasira. "Haya. Kama wafu wanarudishiwa, basi Tauno wangu wa kwenye msumeno naye alikufa Agosti. Zake apewe mjane wake. Kumi na moja ziache."

Maarit akapiga hesabu kwenye karatasi, akairudia. Tulipungukiwa mia tatu. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi na moja.

"Taimi," akasema taratibu, "zile mia nne za Urho. Bado unazo?"

"Sina," nikajibu upesi. "Nilimnunulia jiwe la kaburi. Jeusi, limeng'arishwa, lina jina na miaka. Zuri sana. Linaonekana hata kutoka barabarani."

Maarit akaweka kalamu chini.

"Mama yangu amezikwa safu ileile," akasema. "Nilikuwa pale Jumapili na brashi, nikampangusia theluji, nikaona nimpangusie na Urho. Hakuna jiwe, Taimi. Kuna msalaba wa mbao tu."

Nikafungua mdomo nieleze kwamba jiwe bado liko kwa mchongaji. Lakini simu ya Oiva haikuwa imekatwa.

"Wa mbao," ikasema spika. "Nimeuranda mimi."