Ndoto Zinazolalia Kushoto

Muuza sabuni ndiye aliyeleta maneno, pale bombani, akiwa ameinamia ndoo yake: kwamba vidonge vya kufubaza virusi hula ubongo kidogo kidogo, tena huanzia kisogoni. Mama wa kinyozi aliyasikia, akacheka, akajitwisha maji yake. Lakini maneno yalimganda kama kupe. Kila asubuhi mwanawe akiinama kunawa uso, yeye anamkagua kisogo.

Kisogo kilikuwa kizima. Ndoto ndizo zilizokosa adabu. Tangu kijana aanze vidonge hivyo, zilikuwa zinachelewa kuondoka. Jua limeshatoka, farasi wa ndotoni bado yumo uani, kajifunga shuka la kinyozi shingoni, anangoja zamu yake. Tena kasimama upande. Ndoto za watu wengine hutembea wima. Za dawa hii hulalia kushoto, kwa sababu ya kizunguzungu.

"Mama, mpishe apite," kinyozi alisema, kashika ukuta.

"Apite aende wapi? Kashanikanyagia sufuria."

"Akinyolewa ataondoka."

Akanyolewa, akaondoka.

Kliniki, muuguzi aliuliza kama farasi anauma.

"Haumi. Ananuna tu," mama alijibu.

"Basi asiache dawa. Wengi hutulia wakishazoea. Kizunguzungu kikizidi, njooni tuone kama tutambadilishia."

Mama aliitikia vizuri sana, kama mtu aliyeelewa.

Siku kinyozi alipomkata mteja panki lililolalia kushoto, mama akaona sasa basi. Mteja alilipenda, hata akarudi na ndugu yake, lakini mama hakutaka kusikia. Asubuhi iliyofuata, mwanawe akiwa anaoga, alichukua kichupa cha vidonge akaelekea chooni kukimwaga.

Mlango wa pili, wa muuza sabuni, ukafunguka, akatoka twiga. Alikuwa twiga mpole, kajitwika beseni la sabuni, na alilalia kushoto hata vipande viwili vikadondoka. Alipofika uani alimkuta farasi. Wakasalimiana kama watu waliozoeana kwenye foleni moja.

Muuza sabuni akatokeza nyuma yake na ufagio. Akamwona mama, akakiona na kichupa.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama. Twiga wako naye?"

"Twiga wangu wapi? Huyo mgeni."

"Ana muda gani kwako?"

"Mwaka wa saba huu," alisema muuza sabuni, kisha akauma ulimi.

"Na kisogo?"

Muuza sabuni akajipapasa nyuma ya kichwa, taratibu. "Kisogo kipo."

Mama akageuza njia, akarudi ndani na kichupa. Kinyozi alipotoka kuoga, kichupa kilikuwa mahali pake juu ya kabati, na mama anachochea uji huku anaimba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kesho yake bombani, wanawake walimsogeza twiga ili wapate pa kuweka ndoo. Muuza sabuni akaendelea alipoishia: ubongo, kidogo kidogo, kuanzia kisogoni. Alimtazama mama usoni, wala hakupepesa. Mama akakinga maji yake. Kinyozi alipopita kuwasalimu, muuza sabuni alimwita mlangoni kwake, akammiminia chai kwenye kikombe cha plastiki kisicho na mkono, kinachokaa peke yake dirishani, mbali na vya wengine. Kinyozi akanywa, akashukuru.

Kwa hiyo, mwenye mtoto anayetumia dawa ya namna hii, ya kuepuka ni haya:

Mtoto asiache dawa kwa maneno ya bombani.

Asimeze akiwa ametoka kula mafuta mengi, maana kichwa kitazunguka zaidi.

Asiinuke kitandani ghafla.

Asishike wembe wala kupanda ngazi kabla kizunguzungu hakijatulia.

Asimfiche muuguzi ndoto, hata ya aibu.

Mama asiguse kichupa.

Farasi asinyolewe bure, atazoea.

Chai ya kikombe cha dirishani asinywe, aseme ameshiba.

Twiga wa jirani asitajwe. Mwenyewe bado anasema ni mgeni.